Mti wa Maua Kaburini kwa Mama

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, mama yangu alikufa, na shida zangu zikaanzia hapo. Tulimzika nyuma ya nyumba ya bibi, Ujiji, kwenye mwinuko unaotazama ziwa. Msalaba wa mbao mchwa waliumaliza kabla mwaka haujaisha. Bibi akasema atatafuta alama isiyoliwa.

Unaujua ule mti mdogo, rafiki yangu, wa maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa, matawi yananing'inia kama nywele zilizofumuliwa? Bibi alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za wakubwa wa reli, Kigoma, akaomba mche. Alikuja nao kichwani ndani ya kopo la maziwa, akaupanda upande wa kichwa cha mama. Aliufungia kijiti usivunjwe na upepo wa ziwa, akauzungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Mwaka wa tatu ukachanua. Asubuhi nikifagia pale nilisikia nyuki wakivuma, na harufu ya migebuka ikitoka kwa jirani, mama mmoja muuza samaki ambaye ulimi wake haukuwa na breki.

"Bibi, mti wako unalia tangu asubuhi. Umeunyima chakula?"

"Unanisaidia kulia," bibi akamjibu. "Mimi nina nguo za watu."

Maji yalikuwa kazi yangu. Kiangazi ni ndoo mbili kila siku, kutoka ziwani, kupanda, kwa shingo ya mtoto. Shule nilishaacha, darasa la tatu. Kiangazi kimoja nikaona jirani anamwaga maji ya mapipa alimolowekea samaki. Maji ni maji, nikajisemea. Nikawa nachota hayo, muda unaobaki nacheza. Wiki mbili tu, majani yakaungua ncha, yakapukutika yote.

Bibi alichota udongo wa shinani, akauonja kwa ulimi. Akanitazama.

"Umemmwagia mama yako chumvi."

Hakunipiga. Mti ulipokauka kabisa aliukata, akaupikia ugali. Nikarudisha tonge sahanini.

"Kuni ni kuni," akasema. "Kula."

Mvua zikalisawazisha lile tuta la kaburi. Bibi naye akafa, wakamzika kwao kijijini. Mimi nikaenda Mwanga, hapo hapo Kigoma mjini, kuuza dagaa sokoni. Nyumba ikaanguka, watu wakalima mihogo hadi uani.

Mwaka huu nimerudi na fundi, saruji na vigae, nimjengee mama.

"Mama, tuanzie wapi?" fundi akaniuliza.

Nikaonyesha hapa. Nikaonyesha pale. Kijana wa watu akasubiri, sepetu mkononi.

"Pakia vitu, baba. Turudi."

Sitaki pole ya mtu. Nina nyumba mbili Mwanga, moja ya ghorofa. Nina mashine ya kukoboa Mwandiga, boti mbili na injini zake, ng'ombe wanane. Watoto wangu wote wamesoma. Kaburi la mama sina.