Konzi Isiyoingia Kwenye Mashine

Siku hizi nikisikia vijana wakizungumzia mkakati wa akili mnemba huko makazini kwao, pua yangu hunusa karafuu. Mkakati wa kwanza wa namna hiyo niliouona niliupiga taipu mwenyewe, Tanga, katika chumba cha nyuma cha duka la nafaka. Karatasi zake nilizitandaza juu ya gunia la karafuu za Pemba, kwa kuwa meza yote ilikuwa imechukuliwa na kompyuta.

Ilikuwa miaka ile mambo yalipoanza kufunguliwa. Tulitoka kwenye foleni za unga na sabuni kama watu wanaotoka usingizini, tukakuta barabara nzima ina maduka. Tajiri wangu, ambaye wakati wa shida alikuwa na rafu tupu na wateja tele, sasa alikuwa na rafu zilizojaa na wateja wa kugombania. Mwanawe akarudi kutoka masomoni ng'ambo na mashine yake ndani ya sanduku, akamwambia baba yake kwamba biashara ya kubahatisha imekwisha. Mashine ingefikiri kwa niaba yetu: maharage ya Lushoto yanunuliwe lini, mahindi ya Maramba yauzwe au yawekwe, nani abaki kwenye kazi gani.

Lakini kwanza ilibidi ifundishwe. Mimi nilikuwa karani, na kwa kuwa nilikuwa na tabia ya kutazama watu, nilipewa kazi ya kukaa dukani na kugeuza kila uamuzi kuwa kanuni ya ikiwa na basi. Ikiwa mawingu yamelala juu ya Usambara tangu asubuhi, basi lori la maharage lisingojewe leo. Ikiwa mchukuzi analitua gunia taratibu kuliko kawaida yake, basi limeloa chini. Ikiwa mwezi wa Ramadhani umekaribia, basi kunde na sukari zisogezwe mbele.

Kazi ile ilinilevya. Jioni nilirudi kwa miguu mtaani kwetu Usagara na ulimwengu wote ulikuwa umejipanga mbele yangu kwa ikiwa na basi: harufu ya nazi inayokaangwa, kengele za baiskeli, taa za kibatari zikiwaka mtaa mzima kwa sababu umeme umekatika. Nilihisi kwamba nyuma ya kila kitu kuna sentensi moja fupi, na nikivumilia nitaisikia. Hata ndotoni nilikuwa nikipanga kanuni, nazo zilielea kama vumbi la mchele kwenye mwanga wa dirisha.

Nilikaa zaidi karibu na mizani ya mchele. Mpimaji alikuwa dada mkubwa wa tajiri, mjane, ambaye duka zima tulimwita shangazi. Alikuwa Mdigo, na mteja wake wa kila asubuhi alikuwa mama wa Kibondei aliyekaanga vitumbua mtaa wa Nguvumali. Watani wale walitukanana kwa mapenzi hadi mchele unamalizika kumiminwa. Mama wa vitumbua alisema Wadigo wanapima kwa macho ya usingizi. Shangazi alimjibu kwamba Mbondei hata akipewa shamba ataomba na kivuli chake.

Kisha, mizani ikishatulia na mchele ukishaingia kikapuni, mkono wa shangazi ulirudi kwenye gunia, ukatoa konzi moja, kiasi cha kujaa kiganja, ukaimwaga juu. Aliifanya huku ametazama barabarani, akiwa katikati ya maneno mengine. Mteja naye hakuitazama. Hiyo ndiyo nyongeza, na pwani kwetu kila muuzaji anayejiheshimu huitoa. Niliiona kila siku na sikuiandika, kama ambavyo nisingeandika kwamba shangazi anapumua.

Siku ya kuijaribu mashine tulikuwa watatu katika chumba cha nyuma: tajiri, mwanawe na mimi. Tuliilisha hesabu za ghala na za duka. Maneno yakajitokeza kwa rangi ya kijani, polepole, kama mimea inayochipua gizani. Juu ya maharage ilisema jambo la maana: tulikuwa tukinunua mapema mno kila msimu, na tajiri akatikisa kichwa kwa kukubali. Halafu ikaja kwenye mchele. Unapungua dukani, haupungui ghalani. Mpimaji abadilishwe.

Feni ilizunguka juu yetu. Tajiri aliniomba nimwite dada yake.

Alikuja na unga wa mchele mikononi. Mtoto wa mdogo wake alimwamkia shikamoo, akampisha kiti, akamweleza kwa adabu kwamba hakuna anayemtuhumu, ila mashine imeonyesha hivi. Shangazi hakuketi. Aliuliza nani kaiambia mashine kwamba mchele ukipungua basi ni mpimaji. Kijana akasema kanuni ile aliiweka yeye, ni kanuni ya kawaida ya maduka yote duniani.

"Na nyongeza umeiambia?"

Tajiri alikulia kwenye nyongeza, mwanawe alikulia kwenye nyongeza, na mimi nilikuwa nimeitazama asubuhi ile ile. Hakuna aliyeikumbuka.

Kijana ndiye aliyefurahi zaidi, maana hakutaka shangazi yake aondoke. Akasema basi jambo ni jepesi, tuiandike: ikiwa mteja amenunua kilo mbili, basi aongezwe konzi moja. Nikashika kalamu.

"Ukiiandika sitoi tena," shangazi alisema. "Nikiamrishwa kutoa, huo ni mshahara wa mteja. Mimi siyo wa kuwalipa watu mshahara."

"Shangazi, isipoandikwa itakuja kusema hivi hivi kila mwezi."

"Itasema. Na wewe utaisikia. Mimi nitakuwa Pangani kwa binti yangu."

Hapo hakutania. Kijana naye hakukosea, kwa kuwa mchele ulikuwa unakwenda kweli, na maduka mapya ng'ambo ya barabara yalipima sawasawa na kuuza kwa bei ya chini. Kidole cha tajiri kikafuata mshono wa gunia la karafuu. Mwishowe akaniambia niandike kwamba mashine itaulizwa juu ya ghala, malori na misimu. Juu ya mizani ya rejareja isiulizwe. Mwanawe akataka kujua sababu iwekwe ipi, kwani mkakati bila sababu si mkakati. Baba akasema sababu wataitafuta wakishapata nafasi. Niliipiga taipu hivyo hivyo, na chini yake nikaacha mahali pa sababu, peupe.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye kigoda changu kando ya mizani. Habari ilikuwa imeshafika Nguvumali, sijui kwa njia gani. Mama wa vitumbua alikuja, akaamkia, hakutania. Mizani ikatulia, mchele ukaingia kikapuni, na mkono wa shangazi ukarudi kwenye gunia. Yule mama akafunika kikapu kwa kiganja chake.

"Yatosha, dada. Wasije wakakusema."

Mkono wa shangazi ulisimama hewani, na kwa mara ya kwanza sote tukawa tunautazama: mama wa vitumbua, mimi, na kijana aliyesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma. Punje chache zilichuruzika kati ya vidole, zikigongagonga sahani ya mizani.

"Ondoa mkono huo," shangazi alisema. "Tangu lini Mbondei akakataa cha bure?"

Mama akacheka, akauondoa. Shangazi akageuza uso wake barabarani, akaanza kuuliza habari za mjukuu wa yule mama, na mchele ukashuka.