Mkokoteni wa Kukimbia Misukule

Juzi wajukuu zangu walibishana mbele ya runinga: wafu wakifufuka na kuanza kula watu, ni gari gani lingefaa kukimbilia? Niliwasikiliza, na puani nikasikia harufu ya pumba za mpunga.

Mchana mmoja utotoni, pale Majengo, mimi na mdogo wangu Tereza tulikaa juu ya lundo la pumba nyuma ya mashine ya kukoboa. Injini ilinguruma taratibu mpaka macho yakawa mazito. Tulikuwa tunachagua usafiri wa kuwakimbia misukule.

Wiki chache nyuma tulikuwa tumemzika mama. Msibani wanawake walinong'ona kwamba hakufa, amechukuliwa msukule, analimishwa shamba la mtu. Tangu siku hiyo nilikuwa naogopa hata kivuli cha migomba.

Mimi nilichagua treni. Tereza akachagua mkokoteni wa ng'ombe wa jirani yetu Msukuma, uliokuwa ukipakiwa mchele wetu.

"Ule hata kuku anaupita," nilimwambia.

"Ndio huohuo nautaka, dada."

Nilicheka sana. Nilidhani anaogopa honi ya treni.

Jioni tulirudi nyumbani juu ya magunia, magurudumu yakilia kwenye mchanga. Tereza alikaa nyuma kabisa, miguu ikining'inia, akitazama tulikotoka.

"Dada, mwambie apunguze mwendo," alisema. "Mama hana viatu."