Wamefufua tumbaku ya kiko, wakamuua fundi wake

Wakuu, kwema? Naandika nikiwa na hasira, ila sijaongeza chumvi hata chembe. Mhusika mwenyewe yupo hapa Isevya, anakunywa uji.

Mzee wangu alikuwa fundi wa kuchanganya tumbaku ya kiko. Kulikuwa na kiwanda kidogo hapa Tabora mjini, cha familia moja ya Waarabu wetu wa hapahapa, kikitoa kopo la kijani lililoitwa Msafara.

Majani yalitoka kwa wakulima wa Uyui, lakini mkono ulikuwa wa mzee. Anayanyunyizia asali ya porini, anayafungia kwenye sanduku la mbao za mninga, kisha kila asubuhi anafungua na kunusa mpaka siku atakayosema tayari. Hakuna kilichoandikwa popote. Mwenye kiwanda alipofariki wanawe wakafunga, Msafara ikaishia hapo.

Wa kuniambia tumbaku inaua, najua. Kikohozi cha mzee nakisikia mimi kila siku. Leo si mada hiyo.

Sasa juzijuzi nikaona mtandaoni Msafara imerudi. "Orijino", wanasema. Nikaagiza.

Kopo la zamani lilikuwa na picha ya mpagazi na mzigo begani. Hili lina ngamia. Wakuu, ngamia Tabora? Mababu zetu walitembea kwa miguu hadi pwani na pembe za ndovu mabegani, leo mtu kakaa na kompyuta yake anawapa ngamia sifa zao.

Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Sikushtuka, nilikuwa na haraka ya kumfurahisha mzee.

Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, kwa hiyo nikamsomea lebo kwa sauti. "Mchanganyiko uleule wa zamani, kwa kumuenzi..." Nikameza neno moja, nikaendelea, "Fundi Maganga wa Tabora."

Akasema, "Umeruka neno."

Nikakataa.

"Mwanangu, nimekuzaa mimi. Soma."

Nikasoma. Kwa kumuenzi MAREHEMU Fundi Maganga, aliyeturithisha siri yake.

Mzee alifungua kopo, akanusa, akasema wametia vanila, si asali. Akajaza kiko, akavuta kidogo, akakikung'uta chini.

Niliumia sana, wakuu. Hawa watu hawakumrithi chochote. Hakuna aliyepanda hata basi kuja kuuliza kama yupo. Wameona kumuua kwenye lebo ni rahisi kuliko kumtafuta.

Nikapiga namba iliyo kwenye kopo, nikaweka spika. Akapokea dada mmoja wa Dar. Nilipomwambia fundi yuko hai, hakuomba radhi, alifurahi! Akauliza kama mzee anaweza kurekodi video fupi ya kuisifu, na kama bado anakumbuka vipimo.

Nikamtazama mzee.

"Vipimo ninavyo," akaniambia. "Lakini mbegu ile ya tumbaku ya zamani hailimwi tena Uyui nzima. Mimi mwenyewe siwezi kuirudisha. Na hiyo video, mwambie marehemu hapokei simu."

Nikakata.

Nilichojifunza: ukiona kopo limeandikwa "imerudi", usiulize ladha kwanza. Uliza nani kaichanganya, na kama kuna aliyewahi kumwamkia.

Kama na kwenu kuna mzee aliyeshazikwa kwenye lebo ya mtu, mtajeni hapa chini. Wa kwangu nitamsomea majibu yenu yote, na safari hii siruki neno.