Jicho Lililomsubiri Ruchira

Mimi na Gnanawathie tumemenya mdalasini kibaraza kimoja tangu usichana wetu, kwa hiyo nikimsema Sumanapala, mdogo wake, msinizibe mdomo.

Kibanzi cha mdalasini ndicho kilichomchoma Gnanawathie jicho la kulia, likawa jeupe kama maji ya mchele. Hospitalini walimwondolea kile kioo cha mbele ya jicho, wakamshonea cha mwalimu mmoja marehemu. Siku aliyofunguliwa bandeji alinitazama weee, kisha akaniambia nimezeeka. Mshenzi yule, tulicheka mpaka tukalia.

Tangu hapo akaapa kwamba jicho lake la kushoto, ambalo halikuwahi kuugua, akifa litakwenda kwa mwingine. Kila mwezi mpevu, tukitoka hekaluni na nguo zetu nyeupe, alipita nyumba kwa nyumba akiwahimiza watu nao waahidi macho yao. Sumanapala alikuwa akimtania.

"Dada, ukitoa jicho kisha ukazaliwa tena kipofu, usije kunililia."

"Nitazaliwa na mazuri kuliko hayo yako ya kuchungulia chupa."

Moyo ukamsimama Gnanawathie alfajiri moja. Watu wa benki ya macho huitwa upesi, maana kioo kile hakikawii kuharibika. Nikamwambia Sumanapala apige simu, akagoma. Ruchira, mwana wa pekee wa dada yake, alikuwa Kuwaiti anahangaikia ndege. Eti aje amkute mama yake na mashimo usoni? Nikamwambia hakuna shimo, huondolewa kioo kile tu na uso hubaki ulivyo. Sikio la kufa halisikii dawa. Maiti ikatiwa dawa, ikalazwa sebuleni, tukatundika vitambaa vyeupe vya msiba barabarani, tukangoja.

Ruchira aliingia kesho yake mchana, begi bado begani. Akapiga magoti, akaugusa uso wa mama yake. Kisha akamgeukia Sumanapala.

"Mjomba, jicho la mama kapewa nani?"

Sumanapala akasema kwa shida kwamba walikuwa wanamsubiri yeye kwanza. Kijana akaketi sakafuni palepale.

"Njia nzima nilikuwa najifariji," akasema, "kwamba yuko mtu leo anamwangalia mwanawe kwa jicho la mama."

Sumanapala akatoka nje, akalia kwa sauti. Nilitaka kumtukana, nikashindwa. Jumapili tulimzika Gnanawathie, na jicho lake tukalizika naye.