Niliaga Kazi Ili Nibembelezwe

Kosa ni langu, nisimsingizie shetani, naye ana kazi zake nyingi. Ila wawili walinisukuma na nitawataja: shemeji yangu Hamisi, na Idrisa mhudumu wa mezani.

Nilikuwa mpishi kwenye hoteli ndogo ya Mama Tausi, kule Ujiji. Miaka tisa! Migebuka, wale samaki wa ziwani, kwa mawese napika mimi, moshi naula mimi, mteja akishiba anamshukuru Idrisa kwa sababu ndiye aliyebeba sahani. Moyo ukachoka.

Basi nikajifunza mchezo. Nikikasirika navua aproni, naenda kukaa kwangu. Kesho yake Mama Tausi huyo mlangoni na kilo ya sukari: "Baba Asha, mkono wako tumeukosa, rudi." Jamani, utamu wa kubembelezwa! Nikafanya hivyo mara tatu. Kazi siipendi, lakini kuombwa nirudi nakupenda kweli.

Mara ya nne Hamisi akanipa akili zake mbovu. "Shemeji, safari hii sema umepata kazi mbali, Mpanda. Atakupigia magoti."

Nikasema. Tena kwa sauti, wateja wasikie.

Kesho yake, hodi! Nikajitengenezea uso wa mtu asiyetaka. Kufungua, lo! Mama Tausi, wafanyakazi wote, na shehe wa mtaani. Idrisa kashika begi jipya la safari na blanketi.

"Baba Asha," Mama akasema, "mara tatu nimekuzuilia riziki yako. Leo sikuzuii. Tumekuja kukuombea dua."

Idrisa, mnafiki yule, akalia mpaka kamasi! Kumbe ndiye aliyewazungukia watu wanichangie, na mpishi mpya ni kaka yake. Mimi naitikia amina tu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Umwambie shehe airudishe dua?

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Haya msafiri, basi lako saa ngapi?"

Ujiji nikawa siwezi kuonekana tena. Nikabeba begi langu mpaka hapa Kidahwe, nje kidogo ya mji, kwenye shamba la huyo huyo Hamisi, nikashika jembe. Kwa umri huu! Mgongo unalia, yeye kakaa kivulini ananielekeza.

Mwezi wangu wa pili shambani, nauza mihogo barabarani, gari likasimama. Mama Tausi! Akanitazama nilivyojaa vumbi, akatabasamu.

"Baba Asha, kumbe Mpanda siku hizi imehamia Kidahwe?"

Nikakosa pa kuweka mikono. Akachagua mihogo taratibu, kisha akasema kwa upole: "Yule mpishi mpya anatuunguzia samaki. Huko Mpanda watakuachia lini?"

Mlango wa kurudi kaufungua mwenyewe, wenzangu! Nilitakiwa kusema neno moja tu: leo. Mimi huyu nikajibu, "Kazi imebana, Mama. Hapa nimekuja likizo."

"Likizo njema, baba," akasema, akapanda gari.

Sasa wewe unayewaza kuacha kazi: kama unaondoka, ondoka. Kama unataka kuthaminiwa, sema kwa mdomo wako, hata ukitetemeka. Na ukiulizwa unarudi lini, usijifanye mkubwa kuliko njaa yako. Mimi kesho naamkia matuta ya mihogo, na Hamisi kasema nisichelewe.