Mkono Wangu Dirishani kwa Mama Mkwe

Jamani, mimi mhitimu wa shule ya usiku, bingwa wa mitambo kuanzia Zinga mpaka Bagamoyo nzima, niliumbuka juzi ukweni.

Mdogo wa mke wangu alikuwa anaolewa Maskati. Mama mkwe, miguu haimruhusu kusafiri, alitaka aione ndoa ya kitindamimba wake kwenye simu, pale uani na wanawake wenzake. Lakini ruta ya intaneti iko chumbani kwake, na kuta za nyumba ile ya mawe zinazuia hata mzinga, sembuse mtandao. Nikajigamba kwamba nitafunga ruta ya pili uani, niziunge kwa waya.

Sasa, mkwe mwanamume ataingiaje chumbani kwa mama mkwe? Nimwombe mke wangu achomeke waya? Na cheti changu je? Nikazungukia nyuma, nikapenyeza mkono kwenye nondo za dirisha, nikapapasa, nikachomeka. Uani vigelegele! Maskati imeonekana!

Papo hapo mkono ukadakwa. Mama mkwe alikuwa ameingia kufuata ushungi.

"Mwizi! Mwizi jamani!"

"Mama, shikamoo! Ni mimi, mkweo!"

"Mwongo mkubwa! Mkwe wangu ana adabu, hawezi kutia mkono chumbani kwangu!"

Wanawake wakaja mbio, na shangazi wa mke wangu, aliyeshika ile simu, akanielekezea kamera. Mama wa bwana harusi akauliza kutoka Maskati, "Samahani, huyo ndiye yule fundi mliyemsifia?"

Na picha, wallahi, haikukwama hata kidogo.