Aliyekataa Kumdanganya Samaki

Jumanne ya wiki iliyopita, nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa hapa Harrow, London, simu yangu ilileta ujumbe kutoka kikundi chetu cha maziko. Mzee mmoja wa Edmonton, mzaliwa wa Pemba, amefariki hospitalini; maziko ni kesho baada ya sala ya adhuhuri, wenye nafasi wahudhurie. Jina nililisoma mara mbili. Mtu huyo nilikuwa nikimjua kwa miaka tisa, na sikuwa na habari kwamba anaumwa. Baadaye niliambiwa alilazwa siku kumi na moja. Siku zote hizo mimi nilikuwa nikinywa chai yangu, nikiandika safu hii na kuwafundisha nyinyi wasomaji wangu namna ya kuishi na watu. Naona aibu kuyaandika haya, lakini nayaacha yalivyo.

Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulikuwa tukivua pamoja, basi. Kuanzia mwanzo wa majira ya joto hadi baridi ilipoanza kuuma vidole, tulikutana Jumamosi mbili kwa mwezi, tukapanda treni hadi kule mto Thames unakopanuka na kuwa bahari, tukasimama kwenye mawe kumsubiri samaki wa rangi ya fedha, mwenye miiba mgongoni, ambaye Waingereza humwita bass. Kumvua samaki huyu ni ubishi wa chambo kuanzia asubuhi hadi jioni. Kila mvuvi pale ana imani yake. Wenyeji wengi hutumia vyambo vya bandia: visamaki vya bati vinavyometameta, au vya plastiki laini, vimepakwa rangi na kuchorwa macho, na mkia unaocheza kila unapovuta mshipi. Mwenzangu hakuvigusa. Yeye alitumia ngisi aliyenunua kwenye friza la duka moja karibu na kwake, akamkata vipande virefu vyembamba. Maji yakiwa yamekupwa vizuri, aliinama kwenye matope akigeuza mawe kutafuta kaa aliye karibu kuvua gamba, kwa maana huyo, alisema, bass hawezi kumpita. Kaa huyo alimfunga kwenye ndoana kwa uzi mwembamba wa mpira, taratibu, kama anayemfunga mtoto kidole alichojikata.

Siku moja Mwingereza aliyesimama jirani yetu, aliyekwisha kupata samaki wawili wakati sisi tuko mikono mitupu, alimwonea huruma akampa kisamaki chake kimoja cha plastiki. Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakitazama, akakirudisha. Yule bwana alipokwenda zake nilimwuliza kiburi hiki ni cha nini. Akanijibu bila kuondoa macho majini:

"Samaki namuua nipate kumla. Nikimpa plastiki, n'takuwa nimemuua na njaa yake tumboni."

Nilicheka. Sikujua kwamba nitakuja kuyakumbuka maneno yale nikiwa sina hamu ya kucheka. Wale wadogo, ambao sheria inataka warudishwe majini, aliwashika kwa mikono iliyolowa na kuwaomba radhi kabla ya kuwaachia. Nilipata kumwona akimwomba radhi samaki mmoja mara tatu.

Kazi yake ilikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaogesha, aliwalisha, aliwanyoa ndevu. Alinisimulia kwamba kila Jumapili watoto wa wazee wale hupiga simu, na kwa kuwa wengine mikono yao inatetemeka, yeye ndiye aliyewashikia simu sikioni. Alisimama hapo nusu saa nzima, mkono unamwuma, akisikia maneno ya baba na mwana wasiomhusu. Alinieleza kama mtu anavyoeleza jambo dogo la kazini. Kilichonistua mimi ni kwamba mtu huyu alikuwa na binti yake mmoja tu, hapa hapa London, na alikuwa hajazungumza naye kwa miaka mingi.

Ugomvi wao kijana wa leo ataona ni upuuzi, na mtu wa rika langu ataona ni msiba. Binti alipata kazi uwanja wa ndege, akachoka na safari ya kuvuka mji mzima kila siku, akaamua kupanga chumba Hayes, karibu na kazini. Hakuwa ameolewa. Kwa baba yake, binti hutoka nyumbani kwa ndoa au kwa jeneza. Mama mtu alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki, kwa hiyo hapakuwa na wa kuingia kati. Baba alisema, ukitoka usirudi. Mtoto alitoka, na wote wawili wakalishika neno lile.

Lakini kila Idi ilipofika, ndogo na kubwa, bahasha ilianguka mlangoni Edmonton. Binti alikuwa amesikia kwa watu kwamba baba yake siku hizi anavua bass, akaingia duka la vifaa vya uvuvi, akauliza samaki huyo anapenda nini, na muuzaji akampa kile ambacho muuzaji yeyote angempa, yaani chambo cha bandia. Akakituma bila barua; baba aliujua mwandiko wake juu ya bahasha. Idi ya pili akatuma kingine. Hakujua, angejuaje, kwamba alikuwa akimpelekea baba yake kitu kimoja ambacho mzee yule aliapa hatakitia majini. Mzee alivifungua vyote na kuvipanga ndani ya sanduku lenye vyumba vidogo vidogo, chekundu na chekundu mwenzake, cha bati na cha bati mwenzake. Sanduku lile alilibeba kila safari. Aliliweka juu ya jiwe kando yake, akavua kwa ngisi mchana kutwa, kisha akalifuta maji ya chumvi na kurudi nalo nyumbani.

Niliona yote hayo na nikaelewa. Mara moja tu nilijitia ujasiri nikamwambia ampigie mtoto wake, kwani mwenzake keshaanza. Akakunja uso.

"Mie n'tamwanza vipi? Yeye ndiye mwana. Mwana ndiye arejeaye."

Nikanyamaza. Niliona ni adabu kunyamaza. Kumbe ulikuwa uvivu tu niliouvika nguo ya heshima.

Siku ya hitima nilikwenda nyumbani kwake. Baada ya wali kuliwa na watu kutawanyika, mwanamke wa makamo alinifuata nilipokuwa nikitafuta viatu vyangu. Amefanana na baba yake hata kope. Aliambiwa kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikivua naye. Akaniketisha jikoni, akafungua lile sanduku mezani, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuchanganya:

"Ami, ipi ilikuwa favourite yake?"

Macho yake yaliniambia anachokiuliza hasa. Alitaka kujua kama alisamehewa. Mimi, mtu mzima, mwandishi, niliona ukweli ni mzito kumpa mtoto siku ya hitima ya baba yake, nikatafuta la haraka. Juu ya vingine vyote kilikuwapo kisamaki cha samawati chenye tumbo jeupe. Nikakiinua, nikasema ni hiki, alikipenda sana, na mwaka jana alipata nacho bass mkubwa kweli kweli. Nilionyesha kwa mikono ukubwa wa samaki ambaye hakuwapo.

Hakukasirika. Alikichukua mkononi mwangu akakirudisha mahali pake. Akaniambia kwamba hicho ni cha Idi iliyopita; bahasha yake aliikuta juzi chini ya mlango, haijafunguliwa, maana baba alikuwa tayari hospitalini. Ni yeye mwenyewe aliyekitia sandukuni.

Basi nikamwambia ukweli, kwa kuwa sikuwa na kingine kilichobaki. Nilimwambia baba yake hakutumia hata kimoja, nikamweleza sababu. Nikamweleza pia alivyolibeba sanduku miaka yote ile, alivyovipanga, alivyolifuta. Nilisema huko ndiko kulikuwa kumjibu kwake, kwamba mzee alimpenda ila hakujua pa kuanzia. Niliyasema vizuri, nadhani. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono imetulia juu ya meza.

"Namba yangu alikuwa nayo, Ami. Hospitali waliikuta mfukoni mwa koti lake, ameikata kwenye bahasha, kwani kila Idi nilikuwa nikiiandika nyuma. Waliipiga mara moja tu, na nikapokea."

Alipofika hospitali, baba yake alikuwa amekwisha funikwa uso.

Nimeyageuza maneno hayo kichwani wiki nzima. Sisi tuliotoka visiwani baada ya Mapinduzi tuliacha nyumba, mashamba na majina ya baba zetu yaliyokuwa yakijulikana mtaa mzima. Tulifika hapa tukawa watu wa zamu ya asubuhi na zamu ya mchana. Cheo kimoja tu tulivuka nacho bahari hadi huku, kwamba mdogo ndiye amwanzaye mkubwa, nasi tukakikumbatia kwa nguvu zote kwa sababu hatukuwa na kingine. Namwelewa mwenzangu. Namlilia, na pia namkasirikia, wala sioni kwa nini nimfiche marehemu hasira yangu, kwani nusu yake ni juu yangu mwenyewe niliyekaa kando nikitazama. Mzazi aliye na namba ya mwanawe mfukoni na asiipige hajahifadhi heshima yoyote. Amemwachia mgeni wa hospitali aipige kwa niaba yake, na mgeni huyo atakuwa na habari moja tu ya kutoa.